Miguu ya Kilongo

Isidori Temba anauza viatu vya kiume Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na kwa miaka ishirini na tisa hakuna mteja aliyewahi kumwona akiingia dukani kwake. Alikuwa akifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wenye maduka wengine bado wanatafuta soksi zao nyumbani, anajifungulia, anakaa kwenye stuli yake ndefu nyuma ya kaunta, na hapo ndipo siku inapomkuta. Mteja akija anamwona ameshatulia, shati limenyooka, miwani puani, kama picha iliyotundikwa. Jioni alifunga baada ya watu wote. Mimi nina duka la mabegi ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango, na nilikaa miaka miwili mizima kabla sijajua kwamba jirani yangu ana mguu.

Kanisani ilikuwa hivyo hivyo. Yeye na mkewe Blandina walikuwa wa kwanza kuketi na wa mwisho kutoka. Kwenye sherehe alimtuma mwanawe Allan amletee sahani. Watu walisema mzee Isidori anajisikia, na yeye aliwaacha waseme, kwa sababu kuitwa mwenye maringo aliona ni nafuu.

Mguu wenyewe una historia fupi. Alishuka kutoka Mwika mwaka themanini na nane, ana miaka kumi na minane, akaanza kazi ya kubeba mizigo hapa hapa sokoni. Siku moja belo la mitumba liliteleza kutoka juu ya lori likamkuta kifundo cha mguu wa kushoto. Mfupa ulishika, ila ulishika upande. Tangu hapo akitembea, mguu wa kulia unakanyaga kwanza, kisha panakuwa kimya kidogo, kisha wa kushoto unakuja taratibu ukifagia sakafu, kama mtu anasogeza kiti asiamshe watoto. Wabeba mizigo wenzake walimpa jina kwa ajili ya mwendo huo. Jina hilo sitaliandika, maana yeye mwenyewe hajawahi kulitamka mbele yangu. Nimelisikia kwa wengine. Ndipo akaacha mizigo, akatandika viatu vya mitumba kwenye turubai, na akagundua kwamba muuza viatu anaweza kukaa kutwa nzima bila mtu kumuuliza kwa nini.

Hata Blandina alimkuta ameketi. Alikuja mara tatu kumtafutia mdogo wake viatu vya shule, na mara zote tatu Isidori alimwagiza jirani amshushie jozi iliyotundikwa juu, mwenyewe hainuki. Blandina aliondoka amechukia. Mara ya nne mvua ilinyesha ghafla, kila mtu akawa anaokoa mali yake, naye Isidori akainuka, akakimbia kwa namna yake, amekumbatia viatu kifuani. Blandina alisimama kwenye mvua akimtazama. Alimwambia, “Kumbe ndivyo unavyotembea. Mimi nilidhani una kiburi.” Walifunga ndoa mwaka tisini na nne.

Sasa mambo ya filamu.

Hatua chache kutoka kwa Isidori kulikuwa na duka la mapazia la Bhavin, Mhindi wa Kisutu, mtu mpole asiyepandisha sauti. Bhavin ana binti anaitwa Rinkal, ambaye alikulia kwenye mtaa wetu akifanya kazi za shule juu ya marobota ya vitambaa. Kiswahili chake ni cha Kariakoo, tena kile cha mbele kabisa. Mimi ananiita anti, Isidori anamwita anko. Alipomaliza masomo alianza kupiga video za harusi, akapiga mamia ya harusi, za Wahindi, za Wachaga, za Wazaramo, na anasema huko ndiko alikojifunza kazi. Aligundua kwamba watu wakishakwenda nyumbani hawakumbuki hotuba wala keki. Wanakumbuka bibi harusi alivyotokea mlangoni. Akiingia vizuri, hata chakula kikichelewa watu wanamsamehe.

Bibi yake, Champaben, alikuwa amemwambia hayo zamani. Bibi huyo ana miaka themanini na mbili na ameangalia filamu maisha yake yote, tangu enzi za majumba ya sinema mjini, watu wanavaa vizuri Jumapili na kupanga foleni. Alimsimulia mjukuu wake kwamba zile filamu za kwao hazikukuonyesha mtu hivi hivi. Kwanza mkono unafungua mwavuli. Au sauti inaimba nyuma ya mlima na watu wote shambani wanageuza shingo. Au mlango wa treni unafunguka, moshi unapita, na ndani ya moshi kuna kanzu nyeupe. Ukumbi mzima unapiga miluzi kabla uso haujaonekana. Champaben alikuwa na kawaida ya kuondoka mapema iwapo mtu mkuu ameingizwa ovyo. Alisema hawezi kukaa saa tatu na mtu aliyekuja kama mgeni wa kukosea nyumba.

Basi Rinkal alipoamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, aliipa jina Kilongo, na aliijenga yote juu ya kuingia kwa mtu mmoja. Mzee Kilongo ametoweka miaka ishirini. Ndugu zake wamekwisha kutangaza kwamba amekufa, wamelia, wamekula pilau, na sasa wamekaa sebuleni na mnunuzi, wanataka kuuza nyumba aliyoijenga. Wakiwa katikati ya maneno, wanasikia mtu anapanda ngazi. Bado hawajamwona. Wanausikia mwendo tu, na kila aliyemo chumbani anajua ni wa nani.

Ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi. Shida ilikuwa mwigizaji. Wilbert Haule ni mwigizaji mzuri, watu wanampenda, ana sauti ya kukusimamisha nywele, lakini alipoambiwa atembee mwendo usiosahaulika alichechemea kama mchezaji mpira anayetafuta penalti. Walijaribu wiki mbili. Walimtia kokoto kiatuni. Walimpa fimbo, wakamnyang'anya. Rinkal alianza kufikiri kwamba tatizo ni viatu, na ndiyo maana siku moja ya Alhamisi akaja dukani kwa Isidori.

Hakukuta mtu. Isidori alikuwa stoo, ule uchochoro wa nyuma anakopanga maboksi, na kwa kuwa ilikuwa saa saba, watu wakila, hakutazamia mteja. Rinkal alisimama peke yake kati ya rafu, na ndipo akasikia. Hatua moja. Kimya. Kisha ule mfagio mrefu wa soli juu ya saruji. Hatua moja, kimya, mfagio. Alikuwa amemjua Isidori tangu ana miaka mitano, na hakuwahi hata siku moja kumwona akitembea.

Isidori alitokea na maboksi matatu mikononi, akamkuta binti wa Bhavin amemkodolea macho. Akasimama pale pale.

“Anko,” Rinkal alisema, “naomba urudi ulikotoka.”

“Nirudi wapi?”

“Stoo. Halafu uje tena. Usiharakishe.”

Isidori aliweka maboksi chini, akazunguka kaunta akiishika kwa mkono, akaketi kwenye stuli, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba duka limefungwa. Ilikuwa saa saba na robo mchana. Rinkal alitoka akiwa ameelewa kwamba ameharibu, akaja kwangu kuniuliza afanyeje. Nilimwambia asiende kwa siku tatu, na akienda aende na salamu ya heshima na kitu cha kutafuna.

Siku ya nne alikwenda na pakiti ya chevda ya bibi yake. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba radhi kwanza, tena vizuri, bila kujitetea. Kisha akasema hamwombi aigize. Alimwomba apande ngazi tu, uso wake hautaonekana, jina lake halitaandikwa. Kamera itaona kuanzia goti kushuka chini.

Isidori alitafuna chevda kwa muda mrefu. Kisha akauliza huyo Kilongo ni mtu gani. Rinkal akamsimulia hadithi yote, ngazi, sebule, ndugu, mnunuzi. Isidori alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

“Anajua kwamba wanamsikia?”

Rinkal hakuwa amefikiria hilo. Alifikiria palepale, akasema ndiyo, anajua.

“Basi hawezi kuharakisha,” Isidori alisema, na kwa kauli hiyo alikuwa ameshakubali, ingawa aliendelea kukataa kwa dakika ishirini nyingine ili isionekane amekubali upesi.

Sharti lake lilikuwa kwamba asijue mtu, hata nyumbani kwake. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Tena alivikataa viatu vipya vya ngozi alivyovichagua Rinkal. Alisema mtu aliyepotea miaka ishirini harudi na soli inayolia kama bata. Alichagua jozi ya kahawia ya kamba, ngozi nzito, akaivaa mwenyewe wiki nzima akiwa stoo, anakwenda na kurudi kati ya maboksi, mpaka ikakunjika panapostahili kukunjika. Kutoka dukani kwangu niliweza kumsikia. Wateja wangu waliuliza ni panya gani huyo.

Walipiga picha Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, kwenye jengo la zamani la Kisutu anakoishi Champaben. Ngazi zake ni za mbao, hatua ishirini na mbili, na kila moja ina sauti yake. Wilbert alikuwa ameambiwa kwamba miguu itakuwa ya mtu mwingine, akanuna, akasema siku hiyo hatokei. Waigizaji wengine waliwekwa sebuleni na kamera ya pili, mlango umefungwa, wasimwone anayepanda wala wasiambiwe atasikikaje. Champaben alikataa kuingia ndani. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki juu kabisa ya ngazi, pembeni ya kamera, na chai yake.

Mara ya kwanza Isidori alipanda haraka kwa aibu. Mara ya pili alitazama chini. Mara ya tatu ilikuwa nzuri, lakini muuza maembe alipita barabarani akinadi. Mara ya nne, anasema, alimsahau Rinkal na kamera yake. Alifikiria tu kwamba huko juu kuna watu wamekaa kwenye viti vyake. Alikanyaga. Akangoja. Mguu ukaja. Akakanyaga. Ndani ya sebule, yule mwigizaji aliyecheza kaka yake Kilongo aliacha sentensi katikati, na halikuwa jambo lililoandikwa. Aliyecheza shangazi aliweka kikombe mezani kikagongana na sahani yake. Vyote vimo kwenye filamu.

Alipofika juu, Champaben alikuwa amemtolea macho. Alisahau chai. Alimuuliza mjukuu wake, kwa Kiswahili ili Isidori naye asikie, “Huyu mtu wamemkosea nini?”

Isidori anasema hajawahi kusifiwa namna hiyo maishani mwake. Alishukia ngazi za nyuma, akarudi nyumbani Magomeni, akala ndizi na nyama, akalala usingizi wa mchana.

Filamu ilitoka miezi minane baadaye, mtandaoni kwanza, kisha kwenye televisheni. Jioni ya kwanza Allan aliwasha nyumbani, akawakusanya wote, dada yake Jacqueline naye akiwepo, kwa kuwa kila mtu kazini kwao alikuwa anaizungumzia. Ikafika pale pa ngazi. Viatu vya kahawia vikaanza kupanda. Allan akasema huyo Wilbert ni noma, tazama anavyotembea, huo ndio usanii, watu wengine wanajua kazi. Jacqueline akasema amesikia alifanya mazoezi miezi sita. Isidori akasema ndiyo, inaonekana ni mtu wa bidii. Blandina aliitazama televisheni, akaitazama miguu ya mumewe iliyokuwa imejificha chini ya kiti, akarudi kwenye televisheni.

Walipokuwa peke yao jikoni alimwambia, “Miaka thelathini na moja nasikia miguu hiyo ikija kutoka ukumbini. Ulidhani sitaijua kwa kuwa imo kwenye TV?”

Isidori aliuliza kama amekasirika. Blandina alisema amekasirika sana, kwa kuwa angejua mapema angempigia kiwi vile viatu. Kisha akataka waangalie tena pale pa ngazi, na wakaangalia, mara tatu.

Baada ya wiki mbili mwendo wa Kilongo ulikuwa umeingia mjini. Vijana waliuweka kwenye simu zao. Wabeba mizigo wa Msimbazi, na magunia vichwani, walivuka barabara wakikanyaga, wakingoja, wakifagia. Kwenye harusi moja ya Sinza bwana harusi na wapambe wake wanane waliingia ukumbini hivyo, mstari mmoja, na watu wakapanda juu ya viti. Mgambo alipotokea Mtaa wa Kongo, wamachinga walikusanya bidhaa na kuondoka kwa mwendo wa Kilongo, kwa dharau tupu.

Jambo lililomkuta Isidori hakulitegemea. Siku moja alihitaji gundi ya soli kutoka duka la Mtaa wa Sikukuu, na Allan, ambaye kwa kawaida ndiye humfuatia vitu, hakuwepo. Alisita, kisha akatoka. Saa tano asubuhi, jua kali, Kariakoo imejaa. Akatembea. Hakuna aliyegeuka. Mtu mwingine mbele yake alikuwa anatembea vile vile akichekesha wenzake. Alipofika kona, dereva mmoja wa bodaboda, mtu mzima wa miaka kama thelathini na tano, alimwita kwa upole.

“Mzee, umejitahidi. Ila Kilongo anaburuza zaidi. Wewe unawahi.”

Isidori alimshukuru, akamwomba amwonyeshe. Dereva yule alishuka kwenye pikipiki, akamwonyesha pale kwenye lami, mara mbili, akamsahihisha bega. Isidori akajaribu. Dereva akasema hapo sasa, angalau. Isidori alirudi bila gundi. Alipita kwangu moja kwa moja, akaketi kwenye rundo la mabegi ya shule, akaanza kunisimulia, na alicheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka kwa sauti. Nilidhani amepata habari mbaya.

Kuanzia hapo alianza kutembea. Alikwenda Sikukuu, alikwenda Msimbazi kuangalia bei za wenzake, Jumamosi moja alikwenda mpaka Feri akachagua samaki mwenyewe, akarudi na changu wawili na madoa ya magamba kwenye suruali. Blandina alilalamika kwamba mume wake hapatikani. Nilimwambia angoje, homa hii itapita.

Haikupita, ila ilibadilika, kwa sababu ya Wilbert.

Umaarufu wa miguu ulikuwa umemwangukia yeye. Alialikwa kwenye vipindi, na kila kipindi kilimaliza kwa kumwomba atembee. Mwanzoni alisema goti linamsumbua. Mwisho, mtangazaji mmoja hakumwacha, naye Wilbert akasimama studio, akachechemea vile vile kama anayetafuta penalti. Kesho yake watu mtandaoni waliweka vipande viwili pamoja, ngazi upande mmoja na studio upande mwingine, na maneno waliyoandika chini yake hayakuwa ya kistaarabu. Wakaanza kuulizana miguu ni ya nani. Majina ya watu saba yalitajwa. Mmoja wao alijitokeza akakubali kwamba ni yeye, na alikuwa mwongo.

Wilbert alimwomba Rinkal jina. Rinkal akakataa, kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi, lakini alimwendea Isidori akamweleza hali ilivyo. Isidori alisema, mwambie aje anunue viatu.

Alikuja Jumanne, amevaa kofia na miwani ya jua. Alisimama mlangoni akiangalia viatu kana kwamba anavitaka. Isidori alimwacha aangalie, kisha akamuuliza namba. Wilbert akasema arobaini na tatu. Kisha, kama mtu aliyechoka kubeba, akavua miwani, akasema, “Shikamoo mzee. Mimi ndiye sura ya miguu yako.”

Isidori alimwitikia, akamsogezea kibao. Walizungumza muda mrefu, mimi naona midomo tu kutoka ng'ambo. Baadaye Isidori aliniambia kwamba Wilbert hakuomba ukweli utangazwe wala ufichwe. Aliomba afundishwe. Alisema amefanya kazi hii miaka kumi na tano, na ilimuuma kuona kipande bora kabisa cha maisha yake ya filamu si chake.

Wakaanza siku hiyo hiyo kwenye uchochoro wa stoo. Wilbert alitembea, Isidori akiwa juu ya maboksi anamtazama. Alimwacha aendelee mpaka mara ya sita.

“Unaigiza maumivu,” alimwambia. “Huu mguu hauniumi. Haujaniuma tangu mwaka tisini na tatu. Mimi nausubiri tu. Unakuja kwa wakati wake, na mimi sina ugomvi nao.”

Wilbert alirudi mwisho wa uchochoro, akaanza upya, na safari hii, Isidori anasema, kulikuwa na kitu. Si chote. Lakini ule ukimya wa katikati ulikuwepo.

Alikuja kila siku kwa wiki tatu, saa saba hadi saa nane, wakati wa chakula. Blandina alianza kufunga chakula cha watu wawili. Siku moja alikuja mwenyewe dukani, akafumba macho, akawaambia watembee mmoja mmoja. Mara tano kati ya sita alijua mumewe ni yupi. Ile ya sita alikosea, na Wilbert alifurahi kuliko siku ambayo angepewa tuzo.

Rinkal alipopiga sehemu ya pili, miguu ilikuwa ya Wilbert, na uso wake, na vyote kwa pamoja, kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho bila kukata. Isidori alialikwa, akaketi karibu na Champaben. Champaben alitazama, akatikisa kichwa kwa hesabu zake, akamnong'oneza kwamba huyu ni mzuri, lakini yule wa kwanza alikuwa amekosewa zaidi. Kwangu Isidori alikiri kwamba alipomwona Wilbert akipanda, alijisikia kama mtu aliyeazimisha koti kisha akaona linapendeza kwenye mwili mwingine. Alikuwa na wivu siku mbili. Siku ya tatu Wilbert alimletea kilo mbili za kamba wabichi, na wivu ukaisha.

Siri ilivuja, bila shaka. Hii ni Kariakoo. Kwa sasa kila mtu wa mtaani anajua miguu ile ilikuwa ya nani, na yule dereva wa bodaboda amekuja mara mbili kuomba radhi, mara ya pili na mkewe. Allan hajamsamehe baba yake. Anasema alimsifia mtu asiyehusika, mbele ya watu, nyumbani kwao wenyewe.

Kilichobaki ni kazi mpya isiyo na jina. Watu wa filamu wakitaka viatu wanakuja kwa Isidori, na hawaondoki na jozi mpaka wajibu maswali. Anataka kujua mtu huyo anaingia wapi, saa ngapi, anaogopa nani. Ameshamvalisha mchungaji wa uongo, diwani na mume wa pili. Hata viatu vya kike anavitafuta kwa jirani zake, anavileta, anavigeuza, anavinusa soli.

Mwezi uliopita alikuja mwongozaji kijana, Candida, anatengeneza filamu ya mwalimu mgeni. Alitaka kiatu cha siku ya kwanza, mwalimu anapofungua mlango wa darasa na watoto sitini wananyamaza. Alikuwa ameshachagua vyeusi vya kung'aa, visigino virefu. Isidori alimuuliza kama mwalimu huyo ana dada. Candida alisema hakuandika dada yeyote.

“Mwandike,” Isidori alisema. “Viatu ni vya dada. Vimezidi kidogo, ameweka pamba mbele, na asubuhi yote hafikirii watoto, anafikiria visimtoke.”

Alimpa jozi ya kahawia, namba moja zaidi. Candida alivichukua huku hajashawishika. Wiki iliyopita, baada ya kupiga picha, alivirudisha, na pamba bado imo ndani, imebonyea mahali pa vidole. Isidori aliitoa, akaiangalia, akaniita nivuke barabara nije nione.